Sura ya Saba: Madume wa Daftarini

Siku ya arobaini na nne ya kesi ya kobe, Inspekta alifika kwenye kituo cha kulelea kobe kabla karani hajafungua ofisi. Akakaa kwenye ngazi za mlangoni, akaanza kukwangua matope kwenye soli ya kiatu kwa kijiti. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye tabia ya kuuliza swali moja mara tatu mpaka anayeulizwa aanze kujishuku mwenyewe.

Kesi hii alipokabidhiwa ilionekana rahisi kama kumsukuma mlevi. Kwa miaka ishirini na miwili kituo kilikuwa kikikusanya mayai ya kobe wa bonde, kobe wasiopatikana popote duniani isipokuwa kwenye bonde lililo nyuma ya uzio wa kituo. Mayai yalitotolewa chumbani, watoto wakalelewa mpaka gamba likakaza, kisha wakarudishwa bondeni. Daftari lilisema wameachiwa kobe mia nne na kumi na wawili, nusu madume, nusu majike. Mwaka huu bonde likahesabiwa, kobe kwa kobe, kichaka kwa kichaka. Walipatikana mia moja na tisini waliokomaa, na wote ni majike. Dume alikuwa mmoja tu, mzee, aliyekuwapo kabla kituo hakijajengwa.

Mkurugenzi akakimbilia polisi: madume mia mbili na sita wameibwa. Funguo za chumba cha kutotolea alikuwa nazo mtu mmoja, mlezi wa kobe, mzee ambaye hata mkewe alikuwa akimwita Baba Kobe. Nyumbani kwake yalikutwa magamba madogo kumi na moja ndani ya kopo la biskuti, yamefungwa kwenye kitambaa safi. Mwenye funguo ana magamba, unataka nini tena? Inspekta alimtia ndani siku hiyohiyo, akafunga chumba kwa utepe wa polisi, akaenda kumsaka mnunuzi.

Majuma matatu alimfukuzia dereva wa lori lililoandikwa mara tisa kwenye daftari la geti. Dereva alipopatikana ikajulikana alikuwa akisomba majani makavu kulishia ng'ombe wa shemeji yake. Majuma mengine matatu yakaishia kwa wafuga ndege, wauza samaki wa mapambo na tajiri mmoja aliyekuwa na kobe wa plastiki bustanini. Inspekta hakuwa mtu wa kukata tamaa, lakini alikuwa amechoka na alijua amechoka.

Kisha jana, akiwa anapiga mswaki, likamjia swali dogo la kijinga, na akaona aibu kwamba lilichelewa kiasi kile. Hilo ndilo lililomleta asubuhi hii.

Karani alifika akihema, mwanamume mnene wa makamo aliyeitwa Muhuri kwa sababu hakuna karatasi iliyopita mikononi mwake bila kugongwa. Alifungua ofisi, akapangusa kiti kwa kiganja.

"Karibu afande. Leo umetuamkia mapema. Umempata mnunuzi?"

"Nipe daftari la watoto."

"Lipi? Yapo manne."

"Yote."

Akayatoa kabatini, akayaweka mezani kwa heshima, utadhani yana usingizi. Inspekta akafungua la kwanza. Namba, tarehe ya kuanguliwa, uzito, jinsia. Mwandiko mzuri, safu zimenyooka. Akapitisha kidole kwenye safu ya mwisho ukurasa mzima, akafunua, akapitisha tena. Akachukua la pili. Karani alianza kusogeza muhuri wake kutoka upande huu wa meza kwenda upande ule.

"Hii jinsia anaandika nani?"

"Mimi."

"Unaambiwa na nani?"

"Kwa... kwa kawaida ya ofisi."

"Mtoto wa kobe ana ukubwa gani akianguliwa?"

Karani akaonyesha kwa vidole. Kama kiberiti.

"Unamtazama wapi ukajua ni dume?"

"Afande, mimi ni karani."

"Unamtazama wapi?"

Karani akaurudisha muhuri upande wa kwanza. Nje mtu alikuwa akifagia changarawe.

"Namba moja dume," Inspekta akasoma. "Namba mbili jike. Tatu dume. Nne jike. Tano dume. Nimefika mia nne na kumi na mbili, sijaona madume wawili wakifuatana hata siku moja. Bwana Muhuri, hata mama anayezaa watoto wanne hawezi kupanga hivyo. Huyu mama yako amewapangaje mia nne?"

Karani akakaa. Alitoa leso, akajifuta shingo, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Fomu ya makao makuu ina kile kisanduku. Jinsia. Kikiwa kitupu fomu inarudi, na fomu ikirudi chakula cha robo mwaka hakitoki. Mwaka wa kwanza zilirudi mara tatu. Nikamuuliza aliyekuwa mkurugenzi wakati ule. Akasema, si kawaida ni nusu kwa nusu? Basi weka nusu kwa nusu. Nikaweka witiri dume, shufwa jike. Haikurudi tena."

"Miaka ishirini na miwili?"

"Hakuna aliyeuliza, afande. Wewe wa kwanza."

Inspekta alifunga daftari. Swali lake la mswaki lilikuwa hili: kama hakuna anayeweza kumtambua dume akiwa mdogo, mwizi alichaguaje madume peke yao, mia mbili na sita, asikosee hata mmoja? Sasa alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa linamvuta mahali asipotaka kwenda. Alisaini kuyachukua madaftari, na karani, kwa mazoea tu, akaigonga ile karatasi muhuri.

*

Mtaalamu alikuwa kwenye vizimba vya watoto, amechuchumaa, ameshika kobe mmoja mkononi huku mwingine akijaribu kula kamba ya kiatu chake. Alikuwa msichana mrefu aliyeletwa na chuo kikuu miezi minne iliyopita. Fani yake ni fiziolojia, yaani alisoma jinsi mwili wa kiumbe unavyofanya kazi: damu, pumzi, joto, homoni. Alitumwa kujua kwa nini mayai mengi ya miaka ya karibuni yanaoza bila kuanguliwa. Askari walimwita Mnyonya Damu, naye alikuwa amezoea.

"Dada," Inspekta alisema, "hawa wadogo, kuna namna ya kujua dume na jike?"

Mtaalamu hakuinua kichwa. "Ipo. Namchoma sindano ya homoni, nasubiri saa nne, nampima damu. Akiwa dume, mwili unaitikia, homoni ya kiume inapanda. Akiwa jike inabaki pale pale."

"Basi tuwapime."

"Nimeshawapima. Wote thelathini na wanane."

"Lini?"

"Majuma matatu yaliyopita." Sasa alimtazama. "Niliandika kwenye barua ya tatu. Hukuisoma?"

Inspekta alikumbuka barua tatu zenye kichwa kimoja: Maombi ya kuingia chumba cha kutotolea. Alisoma ya kwanza, akaandika pembeni *hairuhusiwi, ni eneo la tukio*. Ya pili na ya tatu aliziweka kwenye faili pamoja nayo bila kuzisoma.

"Sikuisoma. Niambie."

"Majike. Thelathini na wanane majike. Hapo daftari linasema kumi na tisa ni madume, na hawa hawajaibwa, hawa hapa, huyu anakula kiatu changu." Akamwondoa yule kobe taratibu. "Jinsia ya kobe haitoki tumboni mwa mama, afande. Yai linapotagwa halina dume wala jike. Joto ndilo linaloamua. Kwa hawa wa bonde, nyuzi ishirini na nane unapata madume. Ukizidi ishirini na tisa na nusu, majike. Tofauti yenyewe huwezi kuisikia hata kwa mkono."

"Mzee alikuwa anaandika joto kila siku. Nimeliona daftari lake. Ishirini na nane, asubuhi na jioni, hajaruka hata Idi wala Krismasi."

"Nami nimeliona. Ndiyo maana nilitaka kuingia. Damu inasema hivi, daftari linasema vile. Mmoja anadanganya."

"Au hakuna anayedanganya," Inspekta alisema. "Twende."

Askari wa mlangoni alipiga saluti. Yeye ndiye aliyekuwa akiingia mara mbili kwa siku kumwagia sakafu maji na kusoma kipimajoto, maana amri ya Inspekta ilikuwa ushahidi utunzwe kama ulivyokutwa. Alitoa kijitabu chake kwa fahari. Ishirini na nane, ishirini na nane, ishirini na nane.

Utepe ukakatwa. Chumba kilikuwa kidogo, paa la mabati, balbu nne za rangi ya machungwa, na rafu za mbao ukuta mzima kutoka magotini hadi juu kabisa. Kipimajoto kilining'inia kwenye msumari kando ya mlango, usawa wa kifua cha mtu mzima. Inspekta alikisoma. Ishirini na nane. Rafu ya chini ilikuwa tupu. Ya kati tupu, imejaa vumbi la miaka. Trei zote za mchanga zilikuwa rafu ya juu, chini ya mabati, karibu na balbu.

"Kwa nini huko juu?" mtaalamu aliuliza. "Nafasi yote hii."

Inspekta alikuwa ameshafungua daftari la joto, lile kuukuu kuliko yote, lenye jalada lililoshonwa upya kwa uzi wa gunia. Mwaka wa kwanza, mwezi wa tatu. Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliandika: *Usiku siafu wameingia. Wamekula mayai yote arobaini rafu ya chini na ya kati. Kuanzia leo yote juu.*

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Miguu ya rafu ilikuwa ndani ya makopo ya mafuta ya taa, kila kopo limejaa, siafu hawangeweza kupanda tena hata wangetaka. Mzee bado hakuamini. Kwa miaka zaidi ya ishirini alipanda ngazi na kushuka, akaweka kila yai mahali alipoona hakuna wa kulifikia.

Mtaalamu alitoa kipimajoto chake mkobani, akapanda ngazi ya mbao, akakichomeka kwenye mchanga wa trei ya kwanza. Wakangoja. Inspekta alishika ngazi kwa mikono miwili ingawa haikuwa inatikisika.

"Soma."

"Thelathini na moja na nusu."

"Trei nyingine."

"Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Afande, huku ni majike tu. Miaka yote hii huku juu hapajatoka dume hata mmoja."

Hivyo ndivyo wizi mkubwa kuliko wote katika faili za Inspekta ulivyoyeyuka, na ulipoyeyuka haukumwachia hata mtu wa kumkemea. Karani alijaza kisanduku. Mzee aliyaokoa mayai yasiliwe na siafu. Kipimajoto kilisema kweli kuhusu mahali kilipotundikwa. Mkurugenzi wa zamani alikuwa amekwisha kufa.

"Haya mayai ya sasa," Inspekta alisema. "Ishirini na sita, siyo? Tuyashushe. Rafu ya chini. Tuyapoze wawe madume."

Mtaalamu alikuwa amelala kifua juu ya ngazi, taa ndogo mkononi, akimulika yai moja baada ya jingine, akiandika. Alipomaliza alishuka, akakaa kwenye daraja la chini.

"Yana uhai. Yote ishirini na sita. Ni ya mwisho, unajua? Yule dume mzee alimpanda jike mara ya mwisho msimu uliopita. Nimempima mwezi jana. Hana mbegu tena, mwili umechoka. Mayai yanayotagwa sasa hivi bondeni ni maganda tu."

"Basi tuyashushe haya."

"Yana siku ngapi?"

Inspekta alitazama kibao cha trei. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena.

"Sabini na tatu."

"Yanaanguliwa siku ya mia. Jinsia inaamuliwa katikati, kuanzia siku ya thelathini na tatu hadi ya sitini na sita. Kabla ya hapo unaweza kufanya utakalo. Baada ya hapo hata ukiyaweka kwenye barafu utaua tu, hubadilishi."

Hesabu iliyobaki Inspekta aliifanya mwenyewe, na hakuna aliyemsaidia. Siku alipofunga utepe mlangoni mayai yalikuwa na siku ishirini na tisa. Barua ya kwanza ilifika siku ya thelathini na moja. Ya pili, ya arobaini. Ya tatu, hamsini na mbili. Muda wote huo yeye alikuwa anafukuza lori la majani.

"Si ungemwambia mkurugenzi azime umeme?" Sauti ilimtoka kwa ukali, na ulikuwa ukali wa mtu asiye na haki ya kuwa mkali.

"Nilimwambia. Akasema nitaharibu ushahidi wako."

Inspekta alitaka kusema samahani. Neno lilifika mdomoni, akaliona dogo mno, akalimeza. Alimwambia askari amwachie mtaalamu chumba, akatoka na madaftari yake kwapani.

*

Saa sita mchana mahabusu walikuwa wamekwisha kula. Baba Kobe aliletwa chumba cha mahojiano akiwa amekunja mikono ya shati sawasawa, kama anayekwenda kazini. Siku arobaini na nne zilikuwa zimemla mashavu. Alikaa, akamtazama Inspekta usoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mayai yana siku ngapi leo? Mimi nahesabu sabini na tatu."

"Ni sabini na tatu."

"Wanamwagia maji?"

"Wanamwagia."

"Vizuri. Wasiyageuze tu."

Inspekta aliweka karatasi mezani. Ilikuwa hati ya kumwachia huru, imesainiwa na mkuu wake nusu saa iliyopita. Mkuu aliisaini huku akicheka kwenye simu kwamba kumbe walikuwa wanasaka madume wa hewani. Kisha akaanza kueleza. Alieleza taratibu, kwa mpangilio, kama anavyotoa ushahidi mahakamani: kisanduku cha karani, damu ya watoto thelathini na wanane, kipimajoto mlangoni, kipimajoto juu. Hakusema *kosa lako*. Alizunguka neno hilo kila mara alipolifikia. Hakuficha habari ya utepe wala ya barua tatu.

Mzee alisikiliza bila kukatiza. Alipomaliza kusikiliza aliuliza:

"Kule juu ni ngapi, ulisema?"

"Thelathini na moja na nusu."

"Mimi nilikuwa nasoma ishirini na nane."

"Ulisoma sawa, baba. Hukukosea kusoma."

"Nilikuwa nasoma kila siku." Akatazama mikono yake. "Yale magamba kumi na moja uliyoyakuta kwangu, ni wale waliokufa wadogo. Sikuweza kuwatupa. Kumi na moja tu, mwanangu, katika mia nne. Watu walikuja kutoka mbali kuniuliza nafanyaje wasife."

"Najua."

"Na hawa ishirini na sita?"

"Majike."

"Wote?"

"Wote, baba."

"Na yule mzee wa bondeni?"

Inspekta alitikisa kichwa.

Askari wa mlangoni alibadilisha mguu. Inspekta aliisogeza hati, akaweka kalamu juu yake.

"Tia saini hapa, uende nyumbani. Huna kosa. Hakuna aliyeiba kitu."

"Hakuna aliyewaiba."

"Hakuna."

"Basi hawapo."

"Hawakuwahi kuwapo, mzee."

Alisukuma hati ile nyuma kwa kidole kimoja, kwa adabu, mpaka ikarudi upande wa Inspekta.

"Andika niliiba."

"Mzee..."

"Andika. Mwezi mzima na zaidi ulikuwa unanibembeleza niseme, leo nasema hutaki? Niliwaiba. Madume, mia mbili na sita. Niliwauza."

"Mzee, hiyo si kweli, na wewe unajua si kweli."

"Ukiandika wameibwa mtawatafuta. Si ndivyo? Faili inabaki wazi. Mtapeleka picha mipakani, mtauliza, mtu mmoja siku moja atafungua geti lake mkute hata wawili tu wanakula majani." Akainua vidole viwili. "Wawili wanatosha. Hata mmoja. Ukiandika ni joto, nani atatoka kwenda kutafuta?"

Inspekta alikuwa amewahi kumtoa ukweli mwizi wa benki na mtu aliyemuua nduguye mwenyewe. Hakujua namna ya kumnyang'anya mtu uongo wa aina hii, na hakuwa na cha kumpa badala yake.

"Mnunuzi alikuwa mrefu," mzee alisema. "Andika. Mrefu, ana kovu hapa shavuni. Gari lake la kijani."

"Afande," askari aliuliza mlangoni, "si anaachiwa? Nifunge au niache wazi?"

"Acha wazi."

Mlango ulikuwa wazi hadi uani, na jua lilifika mpaka miguuni pa meza. Mzee hakuugeukia. Alivuta kiti karibu, akainama mbele ili Inspekta amsikie vizuri, akaendelea kumwelezea yule mtu: kofia aliyovaa, lafudhi yake, jinsi alivyowabeba wale madume mmoja mmoja, kwa uangalifu, ndani ya sanduku lenye majani laini.